Moniteur Aliyetufundisha Kutoshtuka

Mtu aliyenifundisha kulenga shabaha kwa bastola hakuweza kuchinja kuku. Sikukuu ikifika, mke wake alivuka barabara na kuku kwapani kwenda kumwomba jirani amchinjie, na mwenyewe alibaki ndani akijifanya anatafuta miwani. Sisi wanafunzi wake tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hakukasirika. Alisema damu ni kazi ya watu wengine, yake ilikuwa karatasi.

Tulimwita Moniteur, kama wanavyoitwa walimu wa michezo huku kwetu, na hata mkubwa wa commissariat, kituo chetu cha polisi, alimwita hivyo ingawa alikuwa na cheo chake begani. Alikuja Butembo kutoka upande wa Bandundu, mtumishi wa serikali kama wengine wengi waliotupwa mbali na kwao, na Kiswahili chake hakikuacha kunuka Kilingala mpaka leo. Ukoo wake siujui na sikuwahi kuuliza. Ninachokijua ni mkono wake wa kulia na mambo ambayo mkono huo ulifanya.

Mimi ni polisi. Nalisema mapema, maana mtu wa Butembo akisoma neno bastola atauliza binti wa Kinande, mama wa watoto wawili, anaitafutia nini. Tulikuwa na bastola mbili ndogo za mchezo, zile za vingt-deux, ambazo risasi yake ni nyembamba kama penseli ya mtoto wa shule. Wanajeshi wakiziona walicheka, wakasema hizi ni za kuua panya. Hazikuwa za kuua hata panya. Zilikuwa za mashindano: unasimama ubavu, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooka, na unatafuta katikati ya duara lililochorwa kwenye karatasi ngumu. Moniteur alikuwa ameunda kikundi chetu kidogo, mimi, kijana mmoja wa Kanyabayonga aliyeitwa Kambale, na wengine waliokuja na kuondoka kadiri walivyohamishwa. Tulijiandaa kwa mashindano ya polisi wa mikoa. Kila tarehe ilipokaribia, vita vilifunga barabara na mashindano yakaahirishwa. Hayakufanyika kamwe. Naliweka wazi ili msomaji asikae akiyangoja kama tulivyoyangoja sisi.

Niliona haya kwa mchezo ule. Malori yalipita kutoka Beni yamebeba magodoro, mbuzi na watu waliokimbia risasi, na mimi nyuma ya ukuta nilikuwa nashika pumzi nikilenga karatasi. Majirani niliwaambia naenda kwenye formation, mafunzo ya kazi. Kanisani, padri alipowaombea waliouawa kwa bunduki, nilitazama viatu vyangu. Siku moja Moniteur aliniona nikificha sanduku la bastola chini ya kitenge, mtu akipita njiani. Nilidhani atanigombeza.

"Unaona haya," akasema. "Ni muzuri. Siku utaona mutu iko na bunduki mu mukono na haone tena haya, weye umukimbie malembe, polepole."

Alitufundisha zaidi bila risasi kuliko kwa risasi. Risasi zilikuwa haba, na mlio katika mji wetu si jambo la kuchezea. Kwa hiyo tulipiga kavu, uani kwake, katika nyumba aliyopanga mtaani kwetu. Alikuwa amepaka ukuta mmoja chokaa, na juu ya chokaa ile hakuweka hata nukta. Unalenga weupe. Ndani ya bastola aliweka ganda la risasi iliyokwisha kutumika ili kile kijiti cha chuma kisigonge chuma kitupu na kuvunjika, na kila mara aligeuza ganda kidogo kwa ukucha ili lipigwe mahali pengine. Kisha akaweka punje ya kahawa juu ya mtutu. Ukivuta kwa pupa, punje inaanguka, unaanza tena. Kambale aliangusha punje nyingi kiasi kwamba mke wa Moniteur alisema angezikusanya angeuza gunia.

"Risasi haiko na haraka," Moniteur alituambia. "Kidole njo iko na haraka." Njo ya huku kwetu ni ndiyo ya Kiswahili cha vitabuni.

Na neno lingine alilolirudia lilikuwa la macho. Kwenye ncha ya bastola kuna kinundu kidogo kinachoitwa guidon, na jicho lazima likae hapo, shabaha uiache iwe na ukungu. Mimi niliiba. Nilikuwa natupa jicho mbele kuona napiga wapi. Sijui alijuaje, kwa sababu alisimama nyuma yangu.

"Kavira, umetoka ku guidon. Ulienda kutembea. Rudia."

Alikuwa na mambo yake ya ajabu. Nywele alizipaka dawa nyeusi, na mvua ikinyesha kola ya shati ilitoa siri. Aliogopa pikipiki kuliko bunduki na alitembea kwa miguu hata kwenye matope ya Machi. Kanisani alilala akiwa amesimama, mgongo umenyooka, na waumini waliomwona walidhani ni ibada ya ndani. Tena alikuwa na wivu. Nilipompita kwa alama kwa mara ya kwanza, alinipongeza mbele ya wote, kisha hakunisemesha wiki nzima. Mke wake ndiye aliyeniambia kwamba nyumbani alikuwa akisimama mbele ya ukuta tangu alfajiri, akipiga kavu, mpaka uji unapoa.

Lakini hakudanganya. Hilo kila mtu alilijua. Kwenye mchezo wetu, tundu likigusa mstari wa duara unapewa alama ya juu, ndiyo sheria. Sisi alitupa ya juu. Yeye mwenyewe alijipa ya chini, akisema mstari ule yeye anaujua kuliko sisi. Kuna wakati mkubwa mmoja alimtaka aseme kwamba shemeji yake amefuzu kulenga, na shemeji mwenyewe hakugusa hata karatasi, aligusa kijiti kilichoishikilia. Moniteur akasema amefuzu kupiga kijiti. Kwa neno hilo alipelekwa kulinda ghala msimu mzima wa mvua. Hakulalamika na hakubadilisha neno. Hata wanawake wa sokoni wakibishana walimwita apite awaamue, maana walisema yule wa Bandundu hana ulimi wa pili.

Siku za risasi za kweli tulikwenda kwenye shimo la zamani la udongo wa matofali, nje ya mji, penye kingo ndefu za ardhi. Kabla ya hapo alizunguka. Alimwendea chef wa mtaa, alikwenda parokiani, kwa Wabatisti, kwa Waadventista, kwa vijana wa pikipiki, kwa mama wauza mboga ya sombe. Kote alisema maneno yaleyale.

"Kesho mutasikia milio ya kidogo-kidogo ku shimo. Ni sisi. Hapana kimbia. Tafazali, hapana kimbia."

Nilimuuliza kwa nini asitume mtu. Akaniambia watu hawa walishakimbia ya kutosha, na hataki yeye awe sababu ya hata mtoto mmoja kukimbia tena. Mtu huyu aliogopa kuwashtua watu wetu kuliko alivyoogopa wakubwa wake. Ndiyo maana jambo la sufuria linaniuma mpaka leo.

Huku kwetu, Beni na Butembo, sufuria ikigongwa mfululizo si kelele za jikoni. Ni taarifa. Maana yake wauaji au majambazi wameingia, na anayesikia naye achukue sufuria yake agonge, ili nyumba ya pili isikie, na ya tatu, mpaka mlima mzima ulie. Mtoto wa kwetu anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Moniteur hakujua. Kwao sufuria iligongwa kuwaita watoto waje kula. Alikuwa amekaa nasi miaka, lakini alikaa upande wetu wa mji, ambao haukuwa umegonga sufuria tangu afike, na hakuna aliyefikiri kumwambia, kama vile hakuna anayefikiri kumwambia mgeni kwamba moto unaunguza.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Alikuwa ameamua kwamba punje ya kahawa haitoshi. Kwenye mashindano jirani yako anapiga, watu wanapiga kelele, na wewe hutakiwi kushtuka. Nilikuwa nimesimama mbele ya chokaa, bastola tupu, mkono umenyooka. Bila kutuambia, Moniteur alichukua sufuria kubwa ya mke wake na kijiko cha chuma, akaja nyuma yangu, akaanza kugonga kwa nguvu zake zote.

Kambale alimrukia na kumnyang'anya kijiko. Tulikuwa tumechelewa. Nyumba ya pili ilikuwa imeshajibu, kisha ya ng'ambo ya mtaro, kisha kule juu shuleni, na mara tulisikia mlima wote unalia, na milango inafunguliwa, na miguu. Moniteur alisimama na sufuria yake mkononi, akisikiliza, uso una tabasamu.

"Kuko mariage?" akauliza, akidhani ni harusi.

"Hapana mariage, chef," Kambale akasema. "Ni weye. Umeambia batu adui ameingia."

Sijawahi kuona uso ukianguka namna ile. Alikimbia barabarani akipunga mikono, akipiga kelele kwamba hakuna kitu, rudini, hakuna kitu. Na alikuwa na sare. Watu walipoona polisi anakimbia anapiga kelele, wakazidisha mbio. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilifunga bastola kwenye sanduku, nikampa Kambale, nikakimbilia kwetu.

Sasa lazima niseme kuhusu wazazi wangu. Walikuwa wameishi Beni, commune ya Ruwenzori, na huko baba alipooza upande mzima. Siku waliposhambuliwa, mama alimpandisha baba kwenye pikipiki, kati yake na dereva, akamfunga kwa kitenge kiunoni mwake kama mtoto, na hivyo walifika Butembo kwangu. Habari hiyo ilienea. Wanawake parokiani walimwonyesha kwa kidole: ndiye yule aliyemfunga mume wake kwa kitenge. Mama alijifanya hasikii, lakini siku ya Jumapili alitembea kichwa juu.

Nilipofika nyumbani nilikuta mlango wazi kabisa. Baba alikuwa kitandani peke yake, amegeukia ukuta, macho amefumba, blanketi iko chini. Mama hayupo, watoto wangu hawapo. Niliokota blanketi nikamfunika, nikafunga mlango. Nikadhani amelala.

Mama alirudi baadaye na watoto, majani ya mikaratusi kwenye nywele, kiatu kimoja. Alikuwa amewachukua wale wawili akakimbilia msituni pamoja na mtaa mzima. Huko msituni, watu walipoanza kupumua, jirani mmoja alimuuliza mbele ya wote: "Na muzee, mama? Nani alimubeba?" Mama aliwashika watoto mkono akaanza kurudi. Aliposimama kwenye mlango wa chumba, baba alibaki ametazama ukuta.

Nilimwonea haya mama yangu. Ni neno zito kuliandika na sina lingine. Na palepale niliwashika watoto wangu, wazima, wakinuka mikaratusi, nikijua kwamba kama adui angekuwa wa kweli, ningembusu mama miguu. Yote mawili yalikaa ndani ya tumbo moja na hayakupatana. Hakuna aliyekufa siku ile, hakuna aliyeumia. Kengele ilikuwa ya uongo, lakini mama alikuwa amekimbia kwa kweli.

Tangu hapo alimwosha baba, alimlisha, alimgeuza, lakini yeye mwenyewe hakula tena chumbani. Alibeba sahani yake jikoni na kula akiwa amegeuza mgongo. Kanisani, wakati wa kukomunika, watu waliposimama kwenda mbele, alibaki kwenye benchi na kuvuta magoti pembeni ili wengine wapite. Wanawake waliona. Hakuna aliyemwonyesha tena kwa kidole, na hilo nadhani lilimuuma zaidi.

Moniteur alizunguka mtaa mzima Jumapili ile, sare imepigwa pasi, kofia mkononi, akiomba msamaha nyumba kwa nyumba. Wengine walimcheka, wengine walimtolea maneno ya kutoboa mfupa. Chef wa mtaa alimtoza mbuzi kama desturi inavyotaka. Mbuzi alichinjwa, yeye akitazama pembeni, watu walikula, walikunywa kasiksi yao ya ndizi, na jambo likaisha. Watoto walimwita Papa Sufuria, na aliitika.

Kwetu halikuisha. Alipofika mlangoni alimwona mama anapita na sahani kwenda jikoni, na baba peke yake ndani. Aliniuliza kwa macho. Nilimweleza uani, kwa sauti ndogo. Alikaa kwenye ngazi mpaka nilipoona haya ya kuendelea kusimama hapo.

Jumapili iliyofuata alikuja na wembe. Alisema ndevu za mzee zimekuwa ndefu. Kuanzia hapo alikuja kila Jumapili baada ya misa, akafunga mlango wa chumba, akamnyoa baba taratibu kwa mkono ule usiotikisika. Baba baada ya kupooza alisema kwa shida, maneno machache na mazito, na mimi nilisikia tu mnong'ono wake kupitia ubao wa mlango.

Siku moja Moniteur alitoka anapangusa wembe. Mama alikuwa amekaa uani anachambua maharagi, ungo uko magotini.

"Mama," Moniteur akasema, "muzee ananiambia kintu. Ile siku ya sufuria, alikuwa analala. Hakusikia sufuria, hakusikia mutu. Aliamuka tu wakati Kavira alifunga mulango."

Mama aliacha kuchambua.

"Alikuambia vile?"

"Alisema vile."

Mama aliweka ungo chini, akaingia jikoni, akatoka na sahani mbili za bugali na mboga ya lenga-lenga. Alipita mbele yetu, akaingia chumbani, akakaa kitandani, na kula pamoja na baba. Jumapili iliyofuata alisimama akaenda mbele kukomunika. Mimi nilimshukuru Mungu kwa usingizi wa baba. Baba aliishi mpaka kiangazi kingine na alikufa kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa mama. Moniteur alihamishiwa Beni muda mfupi baadaye, akastaafu hukohuko, na hakurudi Bandundu. Tulipoteza namba zake za simu na yeye alipoteza zetu.

Mwaka huu mama ameugua. Hatoki tena kitandani, lakini kichwa chake ni kizima kuliko changu. Wiki chache zilizopita aliniita nikae karibu.

"Yule mupolisi wa bastola iko muzima?"

Nilimwambia nimesikia anakaa Mulekera, kulekule Beni.

"Uende umuone. Umushukurie kwa ajili yangu. Umuambie ninajua, muzee njo alimutuma."

Sikuelewa. Akanieleza akitazama dari. Siku ya sufuria baba hakuwa amelala.

"Aliniita, Kavira. Nilikuwa ku mulango, na batoto mu mikono. Alisema Katungu, Katungu, jina yangu. Nilisikia muzuri. Nikatoka, nikaenda."

"Mais Moniteur alisema muzee alikuwa analala."

"Mutu mwenye analala haite mutu kwa jina. Nilijua palepale ni uongo. Donc nikajiuliza, uongo ya nani? Ule mupolisi hajue kudanganya, weye mwenyewe unajua. Ni baba yako. Yeye hakuweza kusema pardon ku kinywa, alituma mugeni. Alinisamehe vile. Njo juu ya ile nilirudia kukula na yeye."

Alinishika mkono. "Umushukurie kabla nikufe."

Nilikwenda Beni siku barabara ilipokuwa na utulivu. Pikipiki ilinishusha Mulekera, nyuma ya mashamba madogo ya kakao, na nilimkuta Moniteur amekaa kwenye kiti cha miti mbele ya nyumba yake. Nywele zilikuwa nyeupe pee. Mkono wa kulia ulikuwa unatikisika, na aliubana katikati ya magoti kama mtu anayeshikilia ndege. Alinitambua kabla sijasema.

"Kavira. Unaona," akauinua mkono akicheka. "Sasa siwezi hata kumimina chai."

Mke wake alituletea chai na kumimina yeye, kisha akaenda shambani. Tuliulizana habari. Ya Kambale, aliyehamishiwa Bunia. Ya bastola zile mbili, ambazo hakuna ajuaye ziliko. Nikamwambia baba alivyokufa. Kisha nikampa ujumbe wa mama wote, neno kwa neno, pamoja na lile jina lililoitwa mlangoni. Nilikuwa natabasamu. Nilidhani nimemletea zawadi.

Hakutabasamu.

"Muzee hakunituma," akasema.

"Namna gani?"

"Hakunituma kitu. Kila dimanche ninamunyoa, na kila dimanche anasema neno moja tu. Alinisikia. Ninapaka sabuni, anasema, alinisikia. Nilimuomba, papa, samehe mama, ni mimi niko na kosa, ni sufuria yangu. Anafunga macho. Mpaka siku ya mwisho, njo neno alikuwa nalo."

Niliwakumbuka wakila pamoja chumbani, mama akimpangusa baba mdomo, na sikujua tena nilichokuwa nimekiona. Nilimuuliza kwa nini basi alisema vile.

"Usinipatie sifa. Haikuwa juu ya mama yako. Nilichoka kumuona anapita na sahani. Kila alipopita, ni mimi alikuwa ananipiga. Nilitaka iishe." Alifuta uso kwa mkono wa kushoto. "Nilikuwa nafikiri atafurahi tu kama muzee alilala. Ile neno ya muzee, alinisikia, sikuelewa ni kusema alimuita. Na sikujua atajenga nyumba juu yake. Kavira, umuambie kweli. Mimi niko naona haya tangu ile siku, sitaki kukufa nayo."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Moniteur ilikuwa imetoka Butembo mpaka Beni, imepita juu ya kaburi la baba yangu, na ilikuwa bado inaendelea. Nilikasirika. Nilimwambia yeye ndiye aliyepika, sasa anataka mimi niende kulisha mgonjwa. Alikubali kwa kichwa. Alisema nina haki.

Hapo simu yangu ililia. Alikuwa mama.

"Umemufikia?"

"Nimemufikia, mama."

"Umupatie."

Ningeweza kusema amelala, au ameenda shamba. Nilimnyoshea simu. Alitikisa kichwa, hapana, hapana, lakini sauti ya mama ilikuwa imeshatoka: "Alo? Alo, chef?" Aliichukua kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia uliruka juu ya goti lake na hakuushika tena.

Mama alisema maneno mengi. Nilisikia wasingya, wasingya, asante yetu ya Kinande, mara nyingi, na Moniteur akiitika, ndiyo mama, ndiyo mama. Kisha sauti ya mama ilipanda na nikaisikia wazi nilipokaa.

"Alikutuma, si vile?"

Moniteur alinitazama. Alikuwa anangoja mimi niseme, kwa kichwa tu, ndiyo au hapana, kama sisi zamani tulivyomngoja yeye. Nilitazama chini.

"Ndiyo, mama," akasema. "Muzee njo alinituma."

Mama aliuliza kitu kingine kwa sauti ya chini. Moniteur akajibu.

"Alisema hivi. Katungu aliokoa batoto. Alifanya muzuri. Alisema, mimi mwenyewe ningemuambia aende."

Alinirudishia simu. Mama alikuwa bado analia ndani yake, kwa furaha, akiniuliza kama nimesikia. Nilimwambia nimesikia, na mimi na Moniteur tulikaa tukitazama ardhi.